Tairi za jeep hapa Goma: maswali yenye watu wanauliza kila siku

Hii ni kwa mwenye gari moja tu, ile moja inapeleka watoto masomo Himbi asubuhi, siku ya pili inavuka Gisenyi, mwisho wa wiki inapanda Masisi ama inashuka Minova. Kama uko na gari mbili, moja ya gudroni (lami) na ingine ya pori, maswali mingi hapa hayakuhusu, na hongera yako.

Kwa nini tairi zinakufa haraka Goma kuliko miji ingine?

Juu ya volkano, basi. Nyiragongo ilishuka mu mji tarehe 17 januari 2002 ikapita katikati mpaka ziwani, ikarudia tarehe 22 mai 2021 upande wa Buhene na ikakata barabara ya Rutshuru. Mawe yake njo tunajengea nyumba, njo tunajengea ukuta wa parcelle, na njo tunatembelea juu yake kila siku, sababu ukitoka tu ku gudroni uingie avenue za Majengo, Ndosho, Katoyi, Mabanga, hakuna udongo pale, ni lava tupu. Ile jiwe imejaa vitundu na ikivunjika inatoa makali kama chupa.

Lakini sikiliza vizuri, watu wengi wanafikiri mawe inamaliza meno ya tairi. Inamaliza kweli, pole pole. Yenye inaua tairi kabisa ni kukatwa ubavuni. Ubavu wa tairi ni sehemu nyembamba kuliko zote, haina ile mikanda ya chuma yenye iko chini ya meno. Uko mu avenue nyembamba, fuso inakuja mbele, unabana kuume, gurudumu ya mbele inashuka ukingoni, jiwe la mutaro linauma ubavu, na wewe hata husikii kitu. Unaona asubuhi gari imelala. Na ni ya kuume karibu kila mara, kwa sababu tunatembea upande wa kuume na ukingo uko kule. Wenye magari ya Japani yenye usukani kuume wanalia kila siku kwamba hawaone vizuri wakidubleya, ni kweli, lakini ku hii tu wanatushinda, wao wanakaa juu ya ukingo wanaona jiwe na macho yao.

Kwa hiyo kitu ya kwanza ya kutafuta Goma ni ubavu wa nguvu. Meno yanakuja nyuma. Ukishika hiyo, majibu mengi ya chini utayajua mwenyewe.

H/T, A/T, M/T, hizi herufi ni za nini?

H/T ni ya barabara, meno madogo yamebanana, inatembea kimya, inakula mafuta kidogo. Jeep nyingi zinatoka usini na hiyo, Prado mingi zilikuja na Bridgestone Dueler H/T. A/T ni ya katikati, meno makubwa kidogo, nafasi kati ya meno imeongezeka, lakini bado iko na vile vikato vyembamba juu ya meno vyenye vinashika gudroni yenye maji. M/T ni ya matope, meno makubwa yameachana, na mara nyingi meno yanashuka mpaka ubavuni.

Ile M+S yenye unaona imeandikwa ku tairi mingi ni matope na teluji, lakini isikudanganye, iko hata ku tairi za kawaida kabisa. Haikuambie chochote juu ya Masisi.

Sasa mimi nichukue gani?

Inategemea magurudumu yako inakanyaga wapi kwa kweli, si wapi unaota kwenda. Watu wanajidanganya hapa. Mtu anaenda Masisi Noeli na Pasaka, mwaka yote anazunguka Birere, Katindo na rond-point Tshukudu, lakini anataka tairi za matope sababu aliona jeep ya ONG iko nazo.

Kama maisha yako ni mu mji, Sake, Gisenyi, mara moja moja Rutshuru, chukua A/T. Na mu A/T chagua yenye ubavu mgumu, usichukue ya bei ya chini yenye meno mazuri juu na ubavu laini. Finya ubavu na kidole gumba mbele ya muuzaji, linganisha mbili tatu, utasikia tofauti, si kipimo cha kisayansi lakini inasaidia kidogo. Kipimo chenyewe kimeandikwa juu ya tairi, tutafika.

Kama kila wiki unapanda Sake mpaka Mushaki, Matanda, Masisi centre, mvua inyeshe isinyeshe, hapo M/T inakuwa na maana. Ile matope ya mlima, malori yameshachimba mistari miwili ya kina, A/T inajaza matope kati ya meno, kisha inageuka laini kabisa na gari inaogelea. M/T ikizunguka inatupa matope inje, meno yanabaki wazi. Tofauti njo hiyo tu, lakini siku ya mvua ni tofauti ya kulala njiani ama kulala nyumbani.

Kama unatembea Goma–Minova–Kalehe–Bukavu kwa barabara, kama kilomita 200 hivi, iko mchanganyiko, mawe, vumbi, matope mu mvua, kisha gudroni ukikaribia Kavumu. A/T inatosha kwa mtu mwenye anajua kuendesha. Mwenye hajue, hata M/T haitamwokoa.

Na H/T? Kama wewe hautoke ku gudroni, baki nayo. Lakini nani Goma hatoke ku gudroni, hata kufika ku portail yako lazima ushuke ku mawe.

Lakini meno makubwa si njo nguvu? Kwa nini nisiweke M/T tu nimalize?

Sababu ya breki ku gudroni yenye maji. M/T mpira wake wenye unagusa barabara ni kidogo, meno yameachana, na vile vikato vyembamba hana ama iko navyo kidogo. Mvua ya Goma inanyesha toka septemba mpaka desemba, kisha tena toka marsi mpaka mai, na ile njia ya Gisenyi kwenda Kigali ni kona juu ya kona, mteremko, gudroni laini inang'aa. Ukipiga breki na M/T pale gari inakwenda mbele zaidi kabla ya kusimama, na ku kona mkia unataka kutoka. Watu wamezoea 30 ku mawe wanafikiri gari yao inashika sana, kisha wanafika Rwanda wanapiga 80.

Tena kelele. Mwanzo unaona ni muziki, kisha mwezi wa tatu hausikie simu. Tena mafuta, tairi ni nzito na inavuta. Tena ku gudroni inaisha haraka na inaisha vibaya, meno upande mmoja juu upande mmoja chini, unapitisha mkono unasikia kama msumeno. Sisemi ni mbaya, nasema ni chombo cha kazi, usivae buti za shamba kwenda arusi.

Namba za ubavuni zinasomwa namna gani?

Tuchukue ya Prado, 265/65R17 112S. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, asilimia 65 ya ule upana, donc kama milimita 172. R ni radiali. 17 ni kipenyo cha janti, ile chuma yenye tairi inavaa, kwa inchi. 112 ni uzito wenye tairi moja inaweza kubeba, 112 inamaanisha kilo 1120. S ni mwendo wa mwisho, 180 kwa saa. Q ni 160, R ni 170, T ni 190, H ni 210. Goma hakuna mwenye anahitaji H, mais usishuke chini ya uzito wenye gari inaomba, hiyo hapana, hata kama muuzaji anakuapia.

Ile hesabu ya ubavu ni ya maana hapa kwetu. Tairi ya 65 ama 70 iko na ubavu mrefu, inameza jiwe kabla jiwe halijafika ku janti. Hizi jeep za kisasa zenye zinakuja na janti ya 20 na tairi nyembamba ya 50, ni nzuri mbele ya hoteli, lakini shimo moja ya Ndosho janti inapinda na tairi inapasuka kwa pamoja. Kama gari yako inakubali kushuka ku 18 ama 17, yaani breki zinaingia ndani ya janti bila kugusa, shuka. Hiyo ni kati ya matumizi mazuri ya pesa yenye najua.

Naona zingine wameandika LT mbele. Ni nini?

Ni tairi ya gari ya mzigo mwepesi. Ndani iko na nyuzi mingi ama nene kuliko ya kawaida, ubavu unakuwa mgumu, inabeba zaidi. Utaona namba mbili za uzito, kwa mfano 121/118, yaani kilo 1450 ikiwa moja moja na 1320 zikiwa mbili mbili upande mmoja kama lori ndogo. Utaona pia herufi C, D, E, ambayo ni nguvu ya nyuzi, C ni sawa na plai (tabaka) 6, D ni 8, E ni 10. Hizi plai za leo si hesabu ya matabaka ya kweli ndani, ni kipimo cha nguvu tu, na wauzaji wengine wanakudanganya juu yake.

Tafuta penye wameandika matabaka yenyewe, neno SIDEWALL, kisha POLYESTER na namba yake. Ukiona 2 ni kawaida, ukiona 3 iko ngumu. Hiyo njo mstari mdogo mdogo wenye hakuna mtu anasoma na njo wa maana kuliko yote kwa mawe ya lava. Chukua taa ya simu, inama, soma.

Ubaya wake: LT ni nzito, inarusha gari ikiwa tupu, na inaomba upepo zaidi kuliko ile namba iko ku mlango. Kwa mama mwenye anaendesha peke yake mu mji, E ni nyingi sana, C inatosha. Kwa mwenye anapakia makala, viazi, watu saba na mifuko juu, asifikiri mara mbili.

Naweza kuongeza saizi ili jeep ipande juu?

Kidogo, ndiyo. Toka 265/65R17 kwenda 265/70R17 ku Prado watu wengi wanafanya, kipenyo kinatoka milimita 776 kufika 803, donc chini ya gari inapanda kama sentimita 1.3 tu, usitegemee miujiza. Kontere (ile saa ya mwendo) inaanza kudanganya asilimia 3 na nusu hivi, ikikuonyesha 80 wewe uko karibu 83, na makamera ya Rwanda hayajue mambo ya tairi yako.

Ukizidisha zaidi, inaanza kugusa plastiki ukikata usukani, breki inachoka, gari inakuwa nzito kuondoka ku mlima. Na usisahau tairi ya akiba, lazima iwe saizi ile ile. Naona jeep mingi zenye nne ni kubwa na ya tano ni ndogo imelala chini ya kofa, siku utaihitaji utalia.

Yangu ni RAV4, si jeep ya kweli. Haya mambo inanihusu?

Inakuhusu zaidi, kwa sababu RAV4 zimejaa Goma na njo zinatesekaga. Saizi za kawaida ni 215/70R16 ku zile za zamani na 225/65R17 ku zenye zilifuata. A/T ziko kwa saizi hizo, M/T usitafute, gari haina urefu wala nguvu za kutumia ile meno, utabaki na kelele peke yake.

Kitu moja ya kushika: kama yako inavuta magurudumu yote ine, usiweke tairi mbili mpya mbele na mbili zimekwisha nyuma. Tairi yenye imekwisha ni ndogo, inazunguka mara mingi, na ile mashini yenye inagawanya nguvu kati ya mbele na nyuma inafikiri unateleza kila dakika, inapata moto, inakufa. Kununua tairi ine kwa mara moja inauma, najua, lakini kutafuta ile mashini inauma zaidi. Ku Land Cruiser na Hilux zenye unaingiza kat-kat (nguvu ku magurudumu yote ine) mwenyewe na mkono, tatizo linakuwa pale unapoingiza. Ku hizo pia, usitembee na kat-kat ku gudroni kavu, inakula tairi na inavuta usukani.

Okazyo je, tairi zenye zimeshatumika? Zile za Ulaya na Japani zinauzwa bei nzuri.

Zingine ni nzuri, zingine ni takataka yenye imepakwa mafuta nyeusi ing'ae. Angalia DOT, ile alama ya kiwanda ubavuni, namba ine za mwisho ndani ya kaduara: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama ubavu mmoja hauna namba ine, geuza, iko upande wa pili. Ikiwa na namba tatu tu mwishoni, ni ya kabla ya 2000, mwachie. Mimi juu ya miaka 6 naanza kuangalia kila kona, juu ya 10 hata ikiwa na meno yote sichukui, na hata Michelin wenyewe wanasema 10 njo mwisho. Mpira unakauka, unaona nyufa ndogo ndogo kati ya meno na ubavuni ukikunja.

Kisha kuna hii, inashika watu wengi sana: gari inatoka Japani na tairi nzuri, meno yote, muuzaji anafurahi. Soma ubavu. Ukiona STUDLESS, ama majina kama Blizzak ao iceGUARD, ile ni tairi ya barafu. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike baridini, meno yamejaa vikato vya zigizaga. Hapa kwetu ku gudroni ya saa sita inaisha kama sabuni na ku mawe inanyofoka vipande vipande. Okazyo za Ulaya pia, ukiona alama ya mlima wenye vilele tatu na teluji ndani, uliza maswali, kwa sababu A/T zingine nzuri nazo ziko na alama hiyo, lakini tairi ya kawaida ya jeep ndogo yenye alama hiyo mara mingi ni ya baridi tu.

Ndani pia angalia. Sema waitoe ku janti, pitisha mkono ndani. Ukiona kiraka kikubwa ubavuni, ao unga mweusi wa mpira umemwagika ndani, ile ilitembea bila upepo, imeshakufa.

Upepo niweke ngapi?

Swali hili njo lenye kila kwado (fundi wa tairi) anajibu mbili na nusu bila kuangalia gari. Fungua mlango wa shofere, ku nguzo kuna karatasi, soma. Jeep mingi za kawaida zinaomba kati ya bari 2.0 na 2.4, na zikipakiwa nyuma inaongezeka. Pima asubuhi kabla ya kutembea, sababu ukishatembea upepo unapata moto na inapanda 0.2 mpaka 0.4, na ukitoa ile ya moto kesho asubuhi uko chini.

Inje ya gudroni inategemea. Ku matope na ku mchanga kushusha inasaidia sana, 1.5 ni mwanzo mzuri, 1.2 kama umeshakwama, tairi inapanuka inashika. Chini ya 1 tairi inaweza kutoka ku janti. Ukishusha, tembea pole pole, na ukifika ku gudroni rudisha kwanza kabla ya kukimbia, tairi yenye upepo kidogo inapata moto ubavuni mpaka inapasuka. Donc bila kompresa ndogo ya betri mu gari usishushe, utarudisha na nini, na mdomo?

Ku mawe ya lava ni kinyume, na hapa natofautiana na watu wengine. Wao wanasema shusha ili tairi ikumbatie jiwe. Ni kweli juu ya meno, lakini tairi yenye imeshuka inatoa tumbo pembeni, na ile tumbo njo lava inapenda. Mimi nashusha 0.2 ama 0.3 peke yake, ya kupunguza kutingishika, kisha nachunga mahali naweka gurudumu. Jiwe la makali, bora likanyagwe katikati ya meno kuliko kulipita pembeni ukiligusa. Watu wanaogopa kulikanyaga wanazungusha usukani, na wanakatwa.

Barabara yenye mawimbi madogo madogo ya vumbi, shusha kidogo pia, asilimia 20 hivi, amortisa zitakushukuru.

Kwado ananiambia aweke shambre (mpira wa ndani) ndani ya tyubles (tairi yenye haina mpira wa ndani). Nikubali?

Kama uko Kibumba usiku, kubali, ufike nyumbani. Kama uko Goma mchana, kataa. Tyubles haikutengenezwa kwa shambre, zinasuguana, zinapata moto, na kama ndani kuna waya umetokeza unatoboa shambre mpya wiki hiyo hiyo. Na ubaya mkubwa, tyubles yenye msumari inatoa upepo pole pole, yenye shambre inaweza kuachia kwa mara moja.

Meshi, ile kamba ya kubandika toka inje, ni nzuri kwa msumari kati ya meno, inakupeleka. Lakini ya kudumu ni kutoa tairi na kuweka kiraka chenye mguu toka ndani, chenye kinajaza tundu na kinafunika. Tundu la zaidi ya milimita 6, hapana. Tundu karibu na bega la tairi, hapana.

Na ubavu ukikatika, wanaweza kushona?

Wanaweza, wanashona na uzi, wanaweka kiraka kikubwa, inashika upepo. Tumia kufika nyumbani, 30 kwa saa. Usivuke nayo mpaka, usiweke watoto ndani. Ubavu unajikunja kila gurudumu likizunguka, hakuna gundi yenye inabaki mahali pale. Kama ni mchubuko tu na hauone nyuzi, tembea lakini angalia kila asubuhi. Ukiona uvimbe kama yai, nyuzi za ndani zimekatika, hiyo usingoje.

Land Cruiser ya kazi, ile ya 7.50R16, niache hivyo?

Kama inatembea vijijini, iache. Ile tairi nyembamba inakata matope kufika chini penye pagumu, na 7.50R16 unaipata hata mu centre ndogo, sababu malori madogo nayo yanaitumia. Kama unataka tyubles, 235/85R16 inakaribia kipenyo ile ile, lakini lazima ubadilishe janti pia, zile za zamani zenye pete ya chuma ya kushikilia tairi si za tyubles.

Na juu ya ile pete: ukijaza upepo, mtu asisimame mbele yake. Ikiruka inaua. Kwado mzuri anageuza gurudumu upande wa pete chini ama anazungushia mnyororo. Ukimwona kwado amekaa juu yake anajaza huku anaongea simu, tafuta mwingine.

Marke gani ni nzuri?

BFGoodrich A/T, Yokohama Geolandar, Toyo Open Country, Dueler ya A/T, Grabber, zote ni tairi za kweli na zimeshatembea. Za Kichina ziko zenye ni nzuri na zenye si nzuri, na jina linabadilika kila kontena, kwa hiyo soma ubavu, soma mwaka, usisome jina. Tairi nzuri ya mwaka 2014 imelala juani mbele ya duka ni mbaya kuliko ya kawaida ya mwaka jana.

Sekuru (tairi za akiba) ngapi?

Mu mji moja. Masisi, Walikale, Kalehe, mbili kama uko na nafasi, na kriki yenye inaweza kusimama ku udongo laini, weka ubao chini yake. Hakikisha ile ya chini ya gari inashuka kweli, kile kinyororo kinashika kutu na watu wanagundua siku ya mvua. Na zizungushe zote tano, kila kilomita 8000 ao 10 000, ile ya tano isizeeke bure pale chini.

Nitajua namna gani imekwisha?

Kati ya meno kuna vijiti vidogo vya mpira, alama yake TWI inaonyesha pembeni. Meno yakilingana navyo, imebaki milimita 1.6, imekwisha hata ku gudroni. Kwa matope imekwisha zamani, mimi ku 4 natoa. Usiitupe, wachonga tshukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, wanaichukua kuvika magurudumu yao ya mbao, na mafundi wa sandale nao.

Nimeshaweka mpya. Kuna kitu kingine?

Fanya ekilibraji (kusawazisha uzito wa magurudumu), kisha paralelizimu (kunyoosha magurudumu), hasa kama za zamani zilikuwa zimeliwa upande mmoja, ama mpya zitaliwa vile vile. Janti zisuguliwe kutu penye tairi inakaa, la sivyo upepo utatoroka kila wiki na utasingizia tairi. Badilisha valvu pia, bei yake ni kidogo sana. Buloni zikazwe na mkono, kwa msalaba, si kwa kuzunguka, na baada ya kilomita 50 ama 100 uzikaze tena, mu mawe yetu zinalegea. Kilomita mia chache za kwanza enda pole ku kona zenye maji, tairi mpya iko na utelezi wa kiwandani juu yake mpaka itoke.